Zohali Ukutani: Maswali Yenu Kuhusu Picha za Kale za Anga

Mwezi uliopita, nikiwa naandika habari nyingine kabisa, nilidokeza kwamba sebuleni kwangu Tanga nimetundika picha ya Zohali, ile sayari yenye pete, iliyochorwa mwaka 1874. Ilikuwa sentensi moja tu, nikaendelea na yangu. Barua zilizokuja baadaye hazikuijali ile habari nyingine hata kidogo. Zote zinauliza picha. Basi leo ni zamu ya picha. Mengine nitayajibu kwa kirefu, mengine kwa mkato, maana si kila swali lina nyama.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mitandaoni naona ramani ya mbingu ya mviringo, rangi ya dhahabu na buluu, malaika wamejaa pembeni. Kila muuzaji anaiita "ramani ya kale ya nyota". Naitaka kwa ajili ya sebule. Ni kitu gani hasa? (Mama wa watoto watatu, Mbezi, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa jinsi ulivyoieleza, karibu niape kuwa imetoka katika Harmonia Macrocosmica, kitabu cha Andreas Cellarius kilichotoka Amsterdam mwaka 1660. Cellarius alikuwa mkuu wa shule ya Kilatini katika mji wa Hoorn, Uholanzi. Ni mwalimu mwenzangu, kwa hiyo nikimsifu kupita kiasi mnisamehe. Kitabu chake kina picha kubwa 29 zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba, na huko ndiko waliko hao malaika wako wanene.

Lakini usikimbilie kulipa. Wauzaji hao wanakuuzia mbingu tatu tofauti kwa jina moja. Tafuta jina la Kilatini lililoandikwa kwenye picha yenyewe. Likisomeka Planisphaerium Ptolemaicum, hiyo ni mbingu ya Ptolemaio wa Iskandaria: dunia imetulia katikati kama mama mwenye nyumba, na jua, mwezi na sayari zote zinaizunguka. Likiwa Planisphaerium Copernicanum, la mtaalamu wa nyota Copernicus, jua ndilo limeshika katikati na dunia imekuwa mmoja wa wapangaji. La tatu ni Planisphaerium Braheum, la Mdenmaki Tycho Brahe, aliyejaribu kuwapatanisha wawili hao: sayari zinalizunguka jua, kisha jua na msafara wake wote linaizunguka dunia. Mwaka 1660 ubishi huo ulikuwa bado haujaisha kwa watu wengi, ndiyo maana mwalimu wa Hoorn aliiweka mitazamo yote mitatu katika kitabu kimoja na kuipamba sawasawa, bila upendeleo.

Una watoto watatu, na watauliza. Ukitundika ya Ptolemaio bila kujua, siku moja mmoja wao atarudi na daftari la sayansi akuulize kwa nini ukuta wenu unabishana na mwalimu wake. Ukiwa unajua, hapo ndipo raha yake ilipo. Mimi ningechukua mbili, ya Ptolemaio na ya Copernicus, ukubwa mmoja, fremu moja, nikazitundika zitazamane.

Na usishangae ukikuta ukurasa uleule una buluu kwa muuzaji huyu na waridi kwa yule. Bamba la shaba lilichapa mistari myeusi tu. Rangi zilitiwa kwa brashi, nakala moja moja, kwa mteja aliyelipia. Kwa hiyo hakuna rangi "halisi" moja. Chagua inayoendana na makochi yako.

SWALI: Mwalimu, nimechapisha Jabari, yule mwindaji ambaye vitabu vya Kiingereza vinamwita Orion, kutoka ramani za Hevelius. Nilipanda darini usiku nikamlinganisha na mbingu: amegeuka kama mtu kwenye kioo! Fundi anaapa hakugeuza faili. Nimrudishie kazi yake? (Mkazi wa Majengo, Mombasa)

JIBU: Mwombe radhi fundi, kaka. Faili haina kosa. Aliyegeuza ni Hevelius mwenyewe, na aligeuza makusudi.

Zamani wanafalaki walizoea kutengeneza tufe la mbingu, yaani mpira ambao nyota zimechorwa juu ya ngozi yake. Anayeushika mpira huo anazitazama nyota kutoka nje, kana kwamba yeye amesimama ng'ambo yake, wakati sisi wengine tumo ndani. Kushoto kunakuwa kulia. Johannes Hevelius wa Danzig, mji ambao leo ni Gdańsk nchini Poland, alichagua kuchora atlasi yake yote kwa mtazamo huo wa tufe. Alikuwa mtengenezaji wa bia kwa biashara, na kituo chake cha kutazamia nyota alikijenga juu ya mapaa ya nyumba zake. Kwa hiyo wewe darini kwako Majengo ulikuwa unafanya kazi yake ileile. Alifariki mwaka 1687 kabla atlasi haijatoka, na mkewe Elisabetha, aliyekuwa akipima nyota pamoja naye, ndiye aliyeikamilisha na kuitoa mwaka 1690.

Namna ya kupima ni rahisi. Simamisha picha ili kichwa cha Jabari kiwe juu. Tafuta Shira, ile nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Katika picha iliyochorwa kwa kutazama mbinguni, Shira iko chini kushoto kwake. Kwa Hevelius iko chini kulia. Sisi huku pwani jambo hili hutuchanganya zaidi, kwa sababu Jabari wetu huchomoza akiwa amelala ubavu na kupita karibu na utosi, kwa hiyo utalazimika kuinamisha shingo, au picha.

Usije ukamwambia fundi aigeuze kwenye kompyuta. Niliwahi kuona iliyogeuzwa hivyo katika hoteli moja. Nyota zilikuwa zimekaa vizuri kweli, ila maandishi yote ya Kilatini yalisomeka kinyumenyume, kama neno lililoandikwa mbele ya gari la wagonjwa. Ukitaka Jabari wa mbinguni, tafuta Uranometria ya Johann Bayer ya mwaka 1603, kazi ya mwanasheria wa Augsburg ambaye ndiye aliyezoesha kuzipa nyota herufi za Kigiriki. Au tafuta Uranographia ya Johann Bode ya mwaka 1801. Hao walichora wakiwa wamesimama ardhini kama wewe.

SWALI: Assalaam alaykum. Napenda sana picha hizi lakini nyumbani kwetu hatutundiki picha za viumbe wenye roho, na naona kila ramani ya nyota ina simba, mtu au samaki. Je, tumekosa kabisa? (Dada wa Mkunazini, Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Hukumu yake kamuulize sheikh wako, mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba hamjakosa, na zilizobaki ndizo ninazozipenda mimi kuliko zote.

Ya kwanza ni miezi ya Maria Clara Eimmart. Alikuwa binti wa Nuremberg, Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1676. Baba yake alikuwa mchongaji na mtu wa falaki mwenye kituo chake cha kutazamia nyota. Kati ya mwaka 1693 na 1698 binti huyo alichora zaidi ya picha 350 za hatua za mwezi, akitazama kwa darubini na kupaka chaki laini za rangi juu ya karatasi ya buluu. Alianza akiwa hajafika miaka ishirini. Alifariki mwaka 1707, kijana bado. Zilizosalia chache zimehifadhiwa Bologna, Italia. Ni mwezi tu, nusu au mpevu, unaelea katika buluu ya usiku. Hamna simba wala mtu, hata mstari wa mapambo haumo. Zichapishe tatu kwa mpangilio wa hilali, nusu na mpevu, uzipange juu ya korido. Wageni watanyamaza kwanza kabla ya kuuliza.

Za pili ni za Trouvelot, yule aliyechora Zohali yangu, nitazieleza chini.

Ila nikuongezee jambo moja kwa kuwa umeuliza kutoka Unguja. Hao simba na samaki wamepita mikononi mwa Waislamu pia. Abdurrahman al-Sufi, aliyefanya kazi Isfahan, mwaka 964 aliandika Kitabu cha Nyota Zisizohama, akaeleza makundi 48 ya nyota. Kila kundi lilichorwa mara mbili, mara moja kama linavyoonekana mbinguni na mara ya pili kama lilivyo juu ya tufe. Yaani lile swali la kaka wa Mombasa lilishajibiwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na lilijibiwa kwa Kiarabu. Mwaka 1515 Albrecht Dürer alipochonga ramani za nyota kwa ajili ya kuchapwa kule Ujerumani, kwenye pembe nne za ramani ya kaskazini aliweka wazee wanne wa elimu hiyo, na mmoja wao ni al-Sufi mwenye kilemba, jina lake limeandikwa "Azophi Arabus". Na wewe ukisema Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali, unatumia majina ya elimu hiyohiyo.

SWALI: Nilipakua Zohali nikaipeleka steshenari wanichapie A2. Imetoka kama imetazamwa kupitia chandarua. Shida ni mashine? (Kijana, Kahama)

JIBU: Shida ni faili. Picha ya kwenye simu mara nyingi ina pikseli kama 1,080 kwa upana. A2 ina upana wa milimita 420, karibu inchi 16 na nusu. Gawanya: unapata nukta 65 kwa kila inchi. Ili picha ya kutazamwa kwa karibu ipendeze unahitaji kama 300, yaani faili la pikseli 4,961 kwa 7,016. Ukikosa, 200 zinavumilika kwa picha ya kutazamwa kutoka kwenye kochi. Chini ya hapo rudi A4.

Mafaili makubwa yapo na ni bure. Maktaba ya umma ya New York imeziweka picha za Trouvelot, na maktaba ya bunge la Marekani ina ramani nyingi za nyota. Pakua toleo kubwa kuliko yote wanalotoa, hata kama litakula bando.

Halafu, na hapa ndipo wengi mnapoumia, usimtumie fundi kwa WhatsApp kama picha. WhatsApp inaikamua picha mpaka ibaki maganda. Itume kama dokumenti, au peleka kwenye flashi. Na kabla ya kulipia A2 nzima, mwombe akuchapie kipande kimoja cha picha kwenye A4, kwa ukubwa uleule kitakaokuwa nao mwishoni. Picha za anga zina giza jingi, na giza ndilo linaloumbua mashine: karatasi nyepesi italowa na kujikunja, na nyeusi itatoka na mistari kama ya ufagio. Omba karatasi nzito isiyong'aa, gramu 200 au zaidi. Na wakikwambia watakuchapia kwenye fleksi ya mabango ya kampeni, shukuru, uondoke.

SWALI: Ile picha ya mzee aliyepiga magoti mwisho wa dunia, ametoboa mbingu kwa kichwa na anachungulia magurudumu ya upande wa pili, ni ya karne ya ngapi? Rafiki yangu anasema ya kumi na tano. (Mwanafunzi, Nairobi)

JIBU: Ya kumi na tisa. Ilitoka Paris mwaka 1888 katika kitabu cha Camille Flammarion kuhusu angahewa. Mchongaji wake hajulikani, na mtindo ulifanywa uonekane wa kale, ndiyo maana watu wazima na elimu zao hudanganyika. Ya asili ni nyeusi na nyeupe. Zile zenye rangi zote zilipakwa na watu wa siku zetu.

SWALI: Mwalimu, hiyo Zohali yako ya 1874 aliichora nani, na kwa nini usitundike picha ya chombo cha anga ambayo ni sahihi zaidi? (Baba wa Njiro, Arusha)

JIBU: Ni ya Étienne Léopold Trouvelot, na ninyi mlioniuliza swali hili mko saba, kwa hiyo nitakaa kitako.

Trouvelot alikuwa Mfaransa aliyehamia Marekani na kukaa Medford, karibu na Boston. Alikuwa mchoraji, lakini miaka ya 1860 alijiingiza katika kufuga nondo akitafuta wanaoweza kutoa hariri. Akaleta aina moja kutoka Ulaya, wakamtoroka, na mpaka leo viwavi wao wanamaliza majani ya miti katika misitu ya Marekani. Huko kwa watu wa misitu jina lake halitajwi kwa wema. Baada ya hapo akageukia angani, mahali ambapo hakuna cha kutoroka. Michoro yake ikamvutia mkuu wa kituo cha nyota cha chuo cha Harvard, akaajiriwa mwaka 1872. Baadaye alitumia na darubini ya inchi 26 ya kituo cha jeshi la majini kule Washington.

Namna alivyochora ndiyo iliyonifunga. Ndani ya darubini, pale taswira inapojikusanya, aliweka kioo kilichochorwa miraba midogo. Mezani alikuwa na karatasi yenye miraba ileile. Anatazama mraba mmoja, anachora mraba mmoja. Hewa inatikisika, Zohali inachezacheza kama taa ndani ya maji, anangoja itulie sekunde mbili, anachota alichokiona, anangoja tena. Katika maelfu ya michoro aliyofanya alichagua 15, zikachapwa kwa rangi na kampuni ya Charles Scribner's Sons mwanzoni mwa miaka ya 1880. Uchapaji wenyewe ulikuwa wa mawe: kila rangi na jiwe lake, karatasi inapita juu ya jiwe moja baada ya jingine, na ikihama hata unywele, pete za Zohali zinaota kivuli kisichokuwepo.

Sasa kuhusu usahihi. Ndiyo, vyombo vya anga vimetuletea Zohali iliyo sahihi kuliko yake, na ninazipenda. Lakini ile haina mtu ndani yake. Kwenye ya Trouvelot kuna saa na tarehe: 30 Novemba 1874, saa kumi na moja na nusu jioni. Mtu mmoja, usiku unaingia, jicho moja. Tazama kivuli cha sayari kinavyoangukia pete: ukingo wake hakuuchora kwa mkunjo laini kama ambavyo ungetarajia. Aliupinda kwa namna ya ajabu, kwa sababu ndivyo alivyouona, na hakurekebisha ili kumridhisha mtu. Mimi ukingo ule naweza kuutazama chai ikapoa.

Muda wake ulikuwa mfupi. Picha za kamera zilikuwa zinakuja mbio, na kwa muda si mrefu vituo vya nyota vikaanza kuona michoro ya mkono ni ya kizamani. Seti nyingi zikaishia kutupwa. Yeye alirudi Ufaransa, akafanya kazi Meudon, akafariki mwaka 1895.

Ukitaka ya kwako, baba, usinifuate kwenye Zohali. Chukua kupatwa kwa jua alikokuona Creston, Wyoming, tarehe 29 Julai 1878. Wengi wa kusini mwa Tanzania wanakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, walipokusanyika Rujewa kulitazama jua likibaki pete. La Trouvelot lilifunikwa lote, na mbawa za mwanga zikatoka pande mbili kama za ndege. Waliokuwa Rujewa watakwambia tofauti kabla hujamaliza kupiga msumari.

SWALI: Huku kwetu Lamu karatasi haikai, unyevu unakula kila kitu. Fremu ya namna gani itafaa? (Mke wa baharia, Lamu)

JIBU: Pole, na unaongea na mwenzako. Picha yangu ya kwanza haikuwa Zohali, ilikuwa nyotamkia kubwa ya mwaka 1881, ya Trouvelot huyuhuyu. Fundi mmoja aliifremu kwa kuibana moja kwa moja kwenye kioo, nami sikujua kuwa hilo ni kosa. Masika yakaja. Mwezi wa tano nikaona sehemu imemetameta kama mafuta. Nilipoifungua kwa nyuma na kuivuta taratibu, nyotamkia ilikuja na kichwa, mkia ukabaki kwenye kioo. Kile kioo ninacho hadi leo, kiko stoo, na mke wangu hataki kukiona.

Basi sharti la kwanza: karatasi isigusane na kioo. Fundi aweke fremu ya kadibodi nene kuzunguka picha, hiyo ndiyo inayoacha nafasi ya hewa. Kadibodi iwe isiyo na asidi, ile ya maboksi ya sabuni itaacha madoa ya kahawia ndani ya miaka michache. Nyuma ya fremu, kwenye pembe za chini, gundisha vipande viwili vya kizibo ili fremu isilale ukutani na upepo upite. Usitundike kwenye ukuta unaopakana na bafu wala ule unaopigwa na mvua ya kusi. Hadibodi ya nyuma izibwe kwa gundi ya karatasi pande zote, maana kuna wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda karatasi kama mtoto anavyopenda biskuti.

Jua nalo usilisahau. Wino wa bei nafuu ukipigwa na jua la dirishani, nyekundu na njano huondoka kwanza, picha ikabaki ya kibuluu kama mabango ya saluni. Uliza kama mashine inatumia wino wa pigimenti. Ni ghali kidogo, lakini ndio unaodumu.

SWALI: Naweza kuchapisha hizi picha na kuuza? (Kijana wa Kirumba, Mwanza)

JIBU: Michoro yenyewe, ndiyo. Tanzania na Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na hawa wote wamepumzika zamani mno. Ila soma masharti ya tovuti ulikopakua, kwa sababu baadhi ya makumbusho huruhusu kila matumizi na mengine huweka mipaka kwa faili zao. Na toleo lililopakwa rangi na msanii wa leo, kama yale ya mzee wa Flammarion, ni mali ya huyo msanii. Nakuomba kitu kimoja tu: nyuma ya kila fremu andika nani alichora, wapi, mwaka gani. Ukiuza "ramani ya kale ya nyota" nitakuandika hapa.

SWALI: Niko Leicester. Katika duka la vitu vya mitumba nimeona ukurasa wa Cellarius kwenye fremu, muuzaji anasema ni wa asili. Nitajuaje?

JIBU: Nenda na kioo cha kukuzia. Ukiona vinukta vya rangi vimejipanga kama maua madogomadogo, ni chapa ya siku zetu, rudisha pochi mfukoni. Ya asili ina mistari mizima isiyo na vinukta, na rangi imepita juu yake kwa brashi, pengine imevuka mstari kidogo. Bamba la shaba lilikandamizwa kwa nguvu kwenye karatasi mbichi, kwa hiyo kuzunguka picha huwa kuna alama ya bonde unayoweza kuisikia kwa kidole. Na katikati lazima pawe na mkunjo, kwa kuwa ulikuwa ukurasa wa kukunjwa ndani ya kitabu. Akikataa kuifungua fremu, umeshapata jibu. Binafsi nikiona ukurasa wa asili naumia kidogo, maana kuna kitabu mahali fulani kilichochanwa ili huo ufike dukani.

SWALI: Shikamoo Babu. Kuna mnyama wa kwetu kwenye ramani za zamani za nyota? Nataka ya chumbani kwangu. (Mwanafunzi wa darasa la sita, Moshi)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu! Wapo. Kuna kinyonga, karibu na ncha ya kusini ya mbingu. Makundi ya huko yalitokana na vipimo vya mabaharia wa Kiholanzi waliosafiri kwenda Mashariki ya Mbali mwaka 1595 na kukaa miezi kadhaa Madagaska, kisiwa cha vinyonga. Lakini wako wewe ni twiga.

Twiga aliwekwa mbinguni na Petrus Plancius, Mholanzi, kwenye tufe lake la mwaka 1612. Kwa Kilatini anaitwa Camelopardalis, yaani ngamia-chui: shingo ya ngamia, madoa ya chui. Twiga mmoja alipelekwa Florence mwaka 1487, akafa, na Ulaya haikumwona mwingine aliye hai mpaka miaka ya 1820. Kwa hiyo wachoraji walichora kwa kusikia. Tazama wa kwao, utaona ngamia aliyenyooshwa.

Mwombe mzazi akuchapie ile ya Urania's Mirror, seti ya kadi 32 zilizotoka London mwaka 1824. Kadi hizo zilikuwa na ujanja: kila nyota ilitobolewa tundu, kubwa kwa nyota kubwa, dogo kwa ndogo, ukiinua kadi mbele ya taa nyota zinawaka. Ya kwako ukishachapa, toboa kwa sindano mwenyewe, nyota moja moja, kisha weka tochi nyuma. Mimi nilifanya hivyo na wajukuu siku umeme umekatika.

Halafu Januari au Februari, saa tatu usiku, pasipo na mwezi wala mawingu, toka nje utazame Kibo. Kutoka Moshi mlima uko kaskazini, na kundi la Twiga linapita juu yake. Nyota zake ni hafifu, kaa gizani dakika kumi macho yazoee. Utamkuta amepinduka, miguu juu, shingo imeteremka kuelekea nyuma ya mlima, kama anayeinama kunywa maji upande wa Kenya.